Mabeseni Mawili Katika Nyumba Moja

Kama uliishi Kampala miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, na ukaoga kwenye beseni la plastiki, basi huenda beseni hilo lilipita mikononi mwangu. Sijisifu. Nasema kilichokuwako. Maduka yalikuwa na rafu tupu na vumbi. Watu walikata jerikeni katikati kwa msumeno, wakaogea nusu ya chini na kuitumia nusu ya juu kumiminia mafuta taa. Mimi nikatoka upande wa Kenya, karibu na Busia, na darasa langu la nne kichwani, nimefunga mabeseni nyuma ya baiskeli, moja ndani ya jingine, mnara mrefu kunishinda. Askari wa mpakani waliniuliza kama ninahamisha kanisa. Niliwajibu kwamba ninawapelekea watu wa Kampala bafu. Wakacheka, wakaniacha nipite, nikapanda juu ya lori nikiwa nimeikumbatia mali yangu.

Leo nina duka Nakawa, nina ghala kule kwenye viwanda, nina magari yanayopeleka mali mpaka Gulu na Mbarara. Vijana wenye digrii huja na bahasha zao za kahawia kuniomba kazi, nami huwaambia wakae, nawaagizia soda, kwa sababu najua kukaa na watu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimeyasema haya mapema ili nikifika kwenye yale mengine usidhani unasoma maneno ya mjinga. Mjinga hajengi hivi. Hata hivyo kuna jambo moja nililolifanya kijinga kabisa, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Ni habari ya mabeseni mawili, moja nililoliuza na moja ambalo sikuliuza.

Mke wangu nilimpata Wandegeya, nyuma ya hosteli za wanafunzi, alikokuwa na hoteli ndogo ya mabati. Alikuwa anatafuta beseni la kuoshea sahani. Nilipopita na mali yangu alichagua moja pana, la bluu, akaligonga kitako kwa kidole, kisha akalikandamiza kwa goti.

"Hii beseni itapasuka," alisema.

"Nyabo, mama, hiyo ukiitupa kutoka juu ya ghorofa, ghorofa ndiyo itapasuka."

"Wewe Mkenya, wangetengeneza beseni na mdomo wako, haingepasuka mpaka Yesu arudi."

Wanafunzi waliokuwa wanakula waliangua kicheko. Nilicheka nao, maana nilikuwa nimepigwa kihalali. Akanunua mawili, moja la hoteli na moja la nyumbani kwake. Kesho yake nilirudi pale kula matoke na mchuzi wa karanga, na siku iliyofuata tena, mpaka akasimama mbele ya meza yangu mikono kiunoni.

"Umekuja kula au umekuja kuangalia beseni?"

"Nimekuja kukagua kama mali yangu inatunzwa."

"Haya, kagua. Halafu ulipe chakula."

Kwao, huko njia ya Masaka, walitaka kujua huyu Mkenya ni wa ukoo gani na kama ana akili timamu. Siku ya kutambulishwa watu hupeleka zawadi kwenye vikapu. Mimi nilipeleka sukari, nyama, mikate na chumvi, kila kitu ndani ya beseni jipya, na mashangazi zake waligombea mabeseni kuliko nyama. Nasikia hadi leo kuna wanaonikumbuka kwa hilo.

Tulipanga vyumba viwili si mbali na hoteli yake. Ua ulikuwa mmoja kwa wapangaji wote, bomba moja, kamba moja ndefu ya nguo. Jioni, yeye akitoka hotelini na mimi nikitoka kwenye duka langu dogo sokoni, alichemsha maji kwenye jiko la mkaa, akayamimina kwenye lile beseni la bluu alilolinunua kwangu, akatia chumvi. Tulikaa kwenye benchi mlangoni na kutumbukiza miguu yetu humo, yake na yangu pamoja. Alinikanyaga vidole kwa makusudi. Nilimsimulia jinsi nilivyomshinda Mhindi fulani kwa maneno, naye alinisimulia wanafunzi waliokula wakakimbia. Majirani walipita wakitutania kwamba tunachemsha supu ya kwato. Akiwa na furaha aliniita "Mkenya wangu". Akikasirika aliniita "ssebo", yaani bwana, kama mteja asiyemjua. Sasa nina nyumba kubwa yenye bafu ndani, maji ya moto yanatoka ukutani. Sijapata nyumba nzuri kuliko ile ya vyumba viwili.

Ugonjwa ulikuja kama homa. Nikanywa dawa za malaria. Kisha ukaja mwasho, na baada ya mwasho malengelenge madogo, yamekusanyika mahali ambapo mtu hamwonyeshi jirani. Yalipopasuka yakawa vidonda, na kukojoa kukawa ni kung'ata meno.

Mtu ambaye hakuishi Kampala siku zile hawezi kujua nilichofikiri. Ilikuwa miaka ya silimu, ndivyo tulivyouita UKIMWI. Kila mtaa ulikuwa unazika. Ulikuwa ukimwona mtu ana kidonda mdomoni unaanza kumhesabu pamoja na waliokwisha kwenda. Nami sikuwa malaika. Kabla ya kuoa nilikuwa mtu wa barabara ndefu, na barabara ndefu ina nyumba za kulala wageni. Baada ya kuoa nilitulia, hilo naliapa, lakini nilijiambia kwamba barabara imenifuata mpaka nyumbani.

Sikwenda kliniki ya Wandegeya, kila mtu ananijua pale. Nilivaa suti, nikapanda mpaka Nakasero, kwa daktari mwenye zulia ofisini. Alinipima damu. Majibu yalipokuja akaniambia damu yangu ni safi, sina silimu. Nilitaka kuruka juu ya meza nimkumbatie. Kisha akaanza kueleza kile nilichokuwa nacho. Alitumia Kiingereza, haraka, kama anayesoma habari za redioni. Nilishika jina, hapisi. Nilishika kwamba haitoki mwilini, inalala na kuamka. Nilishika kwamba mtu humwambukiza mwenzake. Katikati ya hayo kulikuwa na maneno mengi yaliyonipita juu ya kichwa, na mimi nikawa naitikia yote, "Yes, doctor, yes."

Alipomaliza akaweka kalamu chini. "Una swali?"

"Sina swali, daktari. Nimeelewa yote."

Maisha yangu yote sikuwahi kumruhusu mtu mwenye tai ajue kwamba sikumwelewa. Ndivyo nilivyofika nilipofika. Ukionyesha hujui, bei inapanda. Kwa hiyo nikamshika mkono, nikatoka kwenye zulia lake kifua mbele, na barabarani nikabaki na vipande vitatu vya habari na mapengo katikati. Mapengo hayo niliyajaza mwenyewe, kwa kile nilichokiona mitaani kila siku. Mgonjwa wa maradhi yasiyopona nilijua hutendewa nini. Hutengewa kikombe. Hutengewa sahani, taulo, beseni. Nikasema, mimi nitajitenga kabla sijatengwa, na mke wangu hatapata ugonjwa huu. Nani mwingine Kampala nzima alikuwa na vyombo vya kutosha kufanya hivyo kama mimi? Nilijiona mume bora kuliko wote.

Jioni hiyo nilirudi na beseni jekundu. Kikombe chekundu, sahani nyekundu, ndoo nyekundu, hata kile kisahani cha sabuni. Nilivipanga upande wangu wa chumba. Vyake vikabaki vya bluu.

"Hivi ni vyangu," nilimwambia. "Usivitumie. Hata kuviosha usivioshe. Nitaosha mwenyewe."

Alikuwa ameshika birika la maji ya miguu. Aliviangalia vile vyombo, akaniangalia mimi. Nilingoja aniulize, anitukane, anicheke. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu aliinamisha macho.

"Ni kwa sababu gani?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Mwanamume anaweza kuwa na vitu vyake."

"Sawa, ssebo."

Akamimina maji kwenye beseni la bluu, akatia miguu yake peke yake. Nikahamishia godoro chumba cha mbele, nikasingizia mgongo. Hata nilipopona, vidonda vikakauka na ngozi ikarudi kuwa ngozi, sikurudi kitandani. Daktari alisema inalala tu. Sikujua inalalaje wala inaamkaje, na sikuwa na wa kumuuliza, kwa sababu nilikwisha sema nimeelewa yote.

Ua ule haukuwa na siri. Vyombo huoshwa bombani na kuanikwa juani, kila mtu anaona. Wapangaji waliona mwanamume mwenye mke mzima anajioshea beseni lake asubuhi, analisugua kwa majivu, analianika mbali na la mkewe kama vile yakigusana yatalipuka. Mimi nilidhani wanaona mume anayemlinda mke. Siku moja nikiwa naoga, nyuma ya ule uzio wa mabati, nilimsikia mwanamke aliyekuwa anauza mkaa getini akimsemesha mke wangu bombani.

"Nyabo, mzee wako anakuogopa?"

"Aniogope nini?"

"Sisi tunauliza tu. Mtu akitenga beseni, kuna anachokiona ambacho sisi hatukioni."

"Ni mtu wa mabeseni. Ana mengi."

"Ana mengi, eee! Zamani alikuwa nayo mengi na miguu mnatia kwenye moja. Sasa mnachochangia ni choo tu!"

Wakacheka, yeye na wengine wawili. Mke wangu hakucheka. Nilisikia ndoo yake inajaa, inamwagika, na yeye hafungi bomba. Nilikuwa nimesimama na sabuni machoni. Kutoka nje wakati ule, na taulo kiunoni, na kusema, "Mwenye ugonjwa ni mimi," kungenichukua muda mfupi kuliko kujifuta. Nilijimwagia maji tena, kwa nguvu, ili nisisikie.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeelekeza kidole upande usio wangu. Watu hawakuona beseni jekundu kama la mgonjwa. Mimi nilikuwa na afya, mnene, ninanunua na kuuza. Waliona mtu mwenye mali anayejikinga na mkewe. Na mke wangu alikuwa mwembamba kwa maumbile, na siku zile mwanamke mwembamba hakuhitaji ushahidi mwingine.

Maneno yalitoka uani yakaenda sokoni, yakafika hotelini kwake. Waliokuwa wanakula pale kila mchana walianza kupitiliza. Mmoja alikuja na kikombe chake mwenyewe mfukoni, akaomba atiliwe chai humo. Mke wangu alinisimulia hilo bila kulia, akiwa anachambua mchele.

"Nikamtilia," alisema. "Ningefanya nini?"

Mtu mwingine angesema ukweli. Mimi nilifanya ninachokijua. Nilichukua gari, nikalijaza sahani mpya, vikombe vipya, majagi, vijiko, vyote kutoka ghalani kwangu, katoni ambazo hazijafunguliwa, na nikavishusha mbele ya hoteli mchana kweupe watu wakiona. Nilitaka waseme, tazama jinsi anavyompenda. Nilisimama pale mlangoni nikipiga kelele za kupanga mali kama niko dukani.

Fundi viatu aliyekuwa anakaa mkabala na hoteli alitikisa kichwa na kumwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Unaona? Hata bwana mwenyewe amebadilisha vyombo vyote. Vya zamani vilikuwa na kitu."

Baada ya siku hiyo hakuja mtu kabisa, isipokuwa wanafunzi wageni waliokuwa hawajaambiwa.

Hakuondoka kwa ugomvi. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, kanisa la jirani linaimba. Alifua shuka, akaosha vyombo vyote vya bluu, akafuta benchi. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko mmoja. Lile beseni pana alikuwa amelifunika kifudifudi karibu na mlango.

"Nakwenda kwetu kwanza," alisema.

"Mpaka lini?"

"Wewe unajua, ssebo. Mimi sitaki tusemane. Umenistiri kwa kunyamaza, na mimi nakushukuru."

Sikuelewa anachonishukuru. Nilidhani ni kejeli. Nilimwambia kama anahitaji chochote aje dukani. Hilo ndilo neno nililomwagia mke wangu mgongoni: aje dukani. Alivuka ua, na mwanamke wa mkaa alijifanya anahesabu magunia. Usiku na mchana nilijiambia kwamba nimemwokoa, kwamba ameondoka salama, mzima, bila kile nilichokuwa nacho. Nilijipa medali. Niliivaa miaka mingi.

Biashara ilikua. Nilihama, nikajenga. Wanawake walikuwepo, sitadanganya, lakini hakuna niliyemruhusu akae mpaka asubuhi. Mwanamke akianza kuzoea kikombe changu nilitafuta sababu. Wakaniita mwenye maringo, nikaacha waamini hivyo. Ugonjwa wenyewe ulipunguza nguvu. Ulikuja mara mojamoja, nikichoka au nikiwa na mawazo, ukaniwasha siku chache ukalala tena. Nilikuwa nimeuacha unitawale maisha, na wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Kisha ikaja siku ile ya redio. Nilikuwa dukani Nakawa, wateja wamejaa, redio iko juu ya rafu kama kawaida. Kulikuwa na kipindi cha daktari anayejibu simu, mama mmoja mwenye sauti ya kutulia, anachanganya Kiswahili na Kiganda. Akapiga simu mwanamume, sauti ya mtu wa kazi ngumu, anapumua kwa nguvu.

"Daktari, mimi nimepimwa hapisi, ile ya sehemu za siri. Nauliza. Naweza kutumia beseni moja na mke wangu?"

Mtangazaji alicheka kidogo. Dukani kwangu walicheka sana. Mteja mmoja aliinua beseni juu na kusema, "Mzee, hii iko na hapisi ama haina?" Mimi nilikuwa nimeshika jagi, sikuliweka chini.

"Msimcheke," daktari alisema. "Ameuliza swali zuri. Baba, beseni halina shida. Kikombe, sahani, kiti cha choo, havina shida. Hapisi inapita ngozi kwa ngozi, mnapokutana kimwili, au kwa busu na mdomo kama kidonda kiko mdomoni. Ukiwa na vidonda, au ukianza kusikia mwasho wa kuja kwake, usikutane na mwenzako mpaka vipone kabisa. Wakati mwingine inapita hata kama huoni kidonda, ndiyo maana kondomu inasaidia, ingawa haikingi yote, na kuna vidonge vinavyopunguza. Watu wengi wanayo na hawajui. Si UKIMWI, ingawa vidonda vinaweza kurahisisha kuupata, kwa hiyo pimeni. Na mwambie mke wako. Kaeni chini mwambiane, muamue pamoja."

"Nikimwambia ataniuliza nimeitoa wapi."

"Hata mimi sitaweza kukwambia umeitoa wapi, wala lini. Inaweza kukaa miaka imelala. Pengine ulikuja nayo, pengine yeye. Msitafutane makosa."

"Asante, daktari. Basi beseni moja ni sawa."

"Moja ni sawa, baba."

Mtu ambaye simjui, asiyeona haya, alikuwa ameuliza swali langu, na akajibiwa kwa muda wa kuuza majagi mawili. Nilikaa juu ya katoni. Wateja waliniuliza bei nikawaambia wachukue wanavyotaka. Wanasema siku hiyo niliuza kwa hasara. Sikumbuki.

Nilimtafuta. Nilijua kwa watu wa kwao kwamba anaishi Mukono na ana hoteli tena. Sikuwa na nia ya kumrudisha, nilitaka tu ajue kwamba mgonjwa hakuwa yeye. Nilitaka kumrudishia jina lake. Nilikwenda mchana baada ya watu kula, bila suti.

Alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi pembeni, na nilipoingia akasema, "Mzee, karibu." Hakusema Mkenya wangu, wala ssebo. Alinikaribisha kama mtu anavyomkaribisha mzee yeyote wa barabarani. Akaniletea chai.

Nilimwambia yote, daktari wa zulia, hapisi, beseni jekundu, maneno ya bombani. Nilisema haraka, nikiangalia kikombe. "Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nakukinga wewe. Watu walikusema bure, na mimi nilisikia nikanyamaza."

Alivuta kiti akakaa, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Wewe?" alisema.

"Mimi."

"Mungu wangu." Alifunika mdomo kwa mkono, nikadhani analia, kumbe anacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Mimi nilikuwa nayo, mzee. Kabla sijakujua. Nilipata nikiwa msichana, muuguzi mmoja akaniambia jina lake, na mimi nikaapa hakuna mtu atakayejua. Ikija, nilikuwa nakwambia niko kwenye siku zangu."

Nilisukuma kikombe pembeni.

"Uliponiletea zile nyekundu," aliendelea, "nilisema moyoni, ameshajua. Nikangoja unitukane. Nikangoja unirudishe kwa baba yangu mbele ya watu. Hukunitukana. Uliniletea sahani. Nikasema, huyu mtu ni mwema sana, ananificha, na mimi ninamharibia nyumba yake. Ndiyo maana nikaondoka."

"Basi ni wewe uliyeni..."

"Ama wewe ulikuja na yako. Ulikuwa mtu ya barabara. Utajuaje? Mimi sijui, wewe hujui." Alinyanyua mabega. "Tungeambiana siku moja tu, tungecheka."

Nilijua ni kweli. Angenitania mpaka nikome. Angesema hata ugonjwa nimenunua kwa jumla.

Mwanamume aliingia kutoka nyuma, mikono ina grisi, fundi wa pikipiki. Alinisalimia kwa heshima, na mke wangu, nasema mke wangu kwa mazoea, akamwambia, "Huyu ndiye yule mzee wa mabeseni." Yule bwana akatabasamu. "A! Nimesikia habari zako. Karibu ule."

Mumewe alipotoka kuchukua maji nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Yeye anajua?"

"Nilimwambia kabla hajaleta hata sabuni nyumbani. Nilisema, niko na hapisi, kama unataka kukimbia barabara iko pale. Akaniuliza maswali mengi mpaka nikachoka. Mengine nilikuwa sijui, tukaenda pamoja kwa daktari tukauliza."

Yule bwana alirudi na jagi na beseni la kunawia. Alinawa yeye kwanza, grisi ikaelea juu ya maji, kisha akalisogeza kwangu bila kulimwaga. Nilitia mikono. Kwa mazoea nililigonga kitako kwa kidole. Plastiki nyepesi, ya kiwanda kingine, imeshonwa kwa waya pale ilipopasuka. Siku nyingine ningesema kitu juu ya mali ya namna hiyo.

"Una swali jingine, mzee?" aliniuliza yule mwanamke, akiwa ameshika taulo.

Nilikuwa nalo. Nilitaka kumuuliza kama anakumbuka miguu yetu. Lakini mumewe alikuwa amekaa pale, ananawa uso kwa maji yaleyale niliyonawia, na chakula kilikuwa kimeshaletwa. Nilipokea taulo lao, nikajifuta, tukala.